Nimesoma, au Ninasoma?

Katika nchi yetu ya Tanzania wenyeji wa Bukoba na Muleba wamepewa lakabu moja ambayo hata mtoto wa Lindi au wa Tanga aijua: Nshomile. Ni neno la Kihaya, na maana yake ni "nimesoma". Watu wa mikoa mingine hulitumia kwa utani, wakimchokoza Mhaya anayejivunia vyeti vyake na Kiingereza chake. Na wengi wa Wahaya, badala ya kukasirika, hulipokea kwa tabasamu, kama mtu aliyetukanwa kwa kutajiwa mali yake. Utani huo haukuzuka hivi hivi. Rubya, Ihungo, Nyakato na Kahororo ni majina ya shule yaliyotajwa kwa heshima tangu zamani, na nyumba nyingi za huko ziliuza kahawa msimu baada ya msimu ili ada ya mtoto mmoja ipatikane. Mwaka 1924 makarani na wafanyabiashara wa Bukoba, miongoni mwao Klemens Kiiza, Mkristo, na Suedi Kagasheki, Mwislamu, waliunda chama cha Bukoba Bahaya Union ili kutafuta maendeleo ya nchi yao. Huko huko alitoka Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali katika Kanisa la Kikatoliki. Nasi hatuoni uzito kumtaja, maana leo twazungumza habari za elimu, na elimu haina mlango mmoja.

Lakini yafaa tulitazame neno lenyewe. Nshomile ni neno la jambo lililokwisha kutendeka. Mtu husema "nimekula" akiwa amesukuma sahani, na husema "nimefika" akiwa ametua mzigo. Asemaye "nimesoma" naye ametua mzigo wake, na aghalabu ameupachika ukutani ndani ya fremu. Ni mwingine kabisa asemaye "ninasoma", hata kama ana miaka sitini na anasoma kwa kufuatisha kidole. Kati ya maneno haya mawili pana tofauti ya silabi moja tu, na mimi nimekuja kuamini kwamba mambo mengi ya maisha ya mwanadamu yamelala katika tofauti hiyo.

Vijana wameniuliza mara nyingi, na watu wazima walioingia katika dini hivi karibuni pia wameniuliza, wakisema kwa unyonge: "Sheikh, natamani kujiendeleza, lakini hamu sina. Nitaipata wapi?" Swali hili si dogo kama linavyosikika. Ndani yake mna maswali mawili. Kwanza: ni kitu gani hasa kinachomwamsha mtu atake kujua? Pili: yule asiye na hamu, je, alaumiwe?

Kabla ya kujibu, niruhusuni niseme neno juu ya lugha. Siku hizi kila kijana asema juu ya "kutimiza ndoto zake". Wazee wetu hawakusema hivyo. Wao walisema nia, au azma, au tumaini. Ndoto humjia mtu akiwa amelala, haimwombi ruhusa, na asubuhi haimdai chochote. Nia humtaka mtu awe macho. Tena ndoto yaweza kuwa ya mtu mwingine: wangapi wamesoma udaktari kwa sababu baba aliota kuwa na daktari nyumbani? Siwakatazi vijana kutumia neno walipendalo, kwani lugha hukua, lakini nawaomba wachunguze kama kile wanachokiita ndoto chaweza kuitwa nia. Katika dini yetu nia ndiyo inayolipa tendo uzito wake; watu wawili waweza kukaa dawati moja, wakasoma kitabu kimoja, na kazi yao isiwe moja.

Sasa turudi kwenye swali. Wengi wetu tulisukumwa kwenda shule kwa njia mbili: fimbo na ahadi. Habari za fimbo sina haja ya kuzieleza, kila msomaji anazo zake. Ahadi ilikuwa hii: "Soma, mwanangu, upate kazi, usije ukashika jembe kama baba yako." Tazama, ndugu msomaji, sumu iliyofichwa katika maneno haya ya upendo. Jembe lile lile lililolipa ada lafanywa kuwa adhabu ya mtoto asiyefaulu, na baba amfundisha mwanawe kumdharau baba. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliishutumu hali hii. Alieleza ya kwamba shule tulizorithi zilimtayarisha mtoto kuiacha jamii yake, na kwamba wale wachache waliochaguliwa kuendelea walijiona bora, huku wengi waliobaki wakijiona wameshindwa. Alitaka elimu ya msingi iwe kitu kamili kwa wote wanaoipata, isiwe foleni ya kungojea sekondari. Watu walimsikiliza, wakapiga makofi, kisha wakarudi nyumbani wakawaambia watoto wao yale yale ya jembe.

Kwa muda fulani ahadi ile ilitimia. Wazungu walikuwa wakiondoka, na viti vyao vikahitaji watu. Lakini viti hujaa. Leo waweza kumkuta kijana mwenye shahada ya chuo kikuu akiendesha bodaboda katika stendi ya Muleba, na mdogo wake wa darasa la sita akimtazama. Mdogo huyo asema, "Kaka alisoma, amepata nini?" Wazazi humwita mvivu. La, hasha! Mtoto huyo si mvivu wala si mjinga. Amepiga hesabu barabara kwa kanuni aliyofundishwa na wakubwa wake. Ikiwa sababu pekee ya kusoma ni mshahara, na mshahara haupo, basi sababu haipo. Tukitaka kumjibu, hatuna budi kwanza kukiri kwamba sisi ndio tuliompa kanuni mbovu.

Wala sisemi kwamba riziki si kitu. Asiyejua njaa ndiye huwahubiria wenye njaa habari za elimu safi isiyojali mkate. Uchunguzi mkubwa wa maisha ya watu wa Kagera ulianza mwaka 1991 kwa kuzitembelea nyumba zaidi ya 900, nao ukawafuata watu wale wale tena mwaka 2004 na mwaka 2010, popote walipokuwa wamehamia. Ulionyesha wazi kwamba waliotoka mkoani hali zao za maisha ziliinuka zaidi kuliko za ndugu zao waliobaki. Basi kijana wa Kamachumu asemaye "ndoto yangu ni kuondoka" hajarukwa na akili. Nami niliyevuka bahari kwenda kusoma sina ulimi wa kumlaumu. Nasema tu kwamba kuondoka ni safari, na mtu aweza kusafiri bila kuwa na hamu ya kujua chochote ila nauli.

Wako wengine wenye jibu la pili. Hawa husema: yote ni katika moyo wa mtu mwenyewe, ukitaka utaweza, aliyeshindwa hakutaka. Maneno haya yanapendwa sana siku hizi, yanauzwa katika vitabu na kunenwa katika kumbi, na msemaji huondoka na bahasha. Yana kweli ndani yake, nami nitaifikia. Lakini wasemaji hao wangefanya vyema kupita Kagera kwanza.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walikuwa katika mkoa huu. Miaka iliyofuata haina haja ya kupambwa kwa maneno. Vibanja vilibaki na bibi na wajukuu; pengine alibaki mtoto wa miaka kumi na miwili akiwa ndiye mkubwa wa nyumba. Uchunguzi ule nilioutaja uliwatazama pia watoto hawa. Ulikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipofika utu uzima alikuwa mfupi kwa kiasi cha sentimeta 2 kuliko ambavyo angekuwa, na masomo yake yalikuwa yamepungua kwa karibu mwaka mzima. Fikiri, msomaji mpenzi. Sentimeta 2 haziongezwi kwa hotuba. Mtoto aliyekaa nyumbani kumwuguza mama, akamzika, kisha akabaki kuchota maji ya wadogo zake, hakukosa hamu, alikosa saa, na chakula, na mtu wa kumwuliza jioni, "Leo umejifunza nini?" Nadhani hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, ingawa hakuna awezaye kulipima kwa futi. Hamu ya kujua huwashwa kwa mtoto na mtu anayemsubiri arudi na habari.

Kwa hiyo swali langu la pili nimekwisha kulijibu nusu. Asiye na hamu asilaumiwe upesi. Mwenye haki ya kumlaumu ni yule aliyekwisha kumwondolea mzigo kichwani, na watu wa namna hiyo aghalabu hawalaumu. Hata hivyo ni lazima niseme na upande wa pili, kwani yatima wenyewe wangenikasirikia nikiwaeleza kama mawe yaliyotupwa njiani. Huko Nshamba, wilayani Muleba, yatima walijiunga wakaanzisha chama chao wenyewe, wakakiita Vijana Simama Imara, wakasaidiana kwa kazi na kwa fedha kidogo walizoweka. Hawa hawakuwa na mtu wa kuwauliza jioni; wakaamua kuulizana wao kwa wao.

Basi hamu hutoka wapi? Jibu langu ni kwamba mtu hutaka kujua kwa sababu ya kitu anachokipenda, na elimu isiyogusa anachokipenda hubaki nje ya mlango wake hata kama anaikariri usiku na mchana. Nitaeleza kwa mfano wa mgomba, maana tunazungumza na watu wa Kagera, na Mhaya akisikia mgomba hasinzii.

Wakati tulipopata uhuru na miaka iliyofuata, watu wetu wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1967 walikuwa takriban watu wazima 67 katika kila 100. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 serikali yetu pamoja na UNESCO waliendesha mpango wa kisomo katika mikoa ya Ziwa, ukiwamo mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao mwaka 1979 ulipewa jina la Kagera. Hekima ya mpango ule ilikuwa hii: vitabu vya kujifunzia vilifungamanishwa na kazi za watu. Mwenye pamba alijifunza herufi kwa habari za pamba, mvuvi kwa habari za samaki, na mwenye kibanja kwa habari za migomba. Mzee wa watu, ambaye angesinzia kama angefundishwa "baba ana babu", alikaa macho alipoona kwamba neno lile gumu alilolisoma kwa jasho lilikuwa mgomba wake mwenyewe. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miti na katika majumba ya ibada. Na ilipofika mwaka 1986 hesabu ya serikali ilisema kwamba wasiojua kusoma hawakufika 10 katika 100.

Halafu ikawaje? Uchumi ulidhoofika, madarasa yakapoteza walimu, na magazeti ya vijijini, kama lile la Kanda ya Ziwa lililoitwa Elimu Haina Mwisho, hayakuwafikia watu tena. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 na zaidi, hawajui kusoma wala kuandika. Wako waliozaliwa baadaye wasipelekwe shule, lakini wako pia waliokuwa wamesoma, wakapata cheti, wakakitia sandukuni, na herufi zikawatoka moja moja. Hapo ndipo neno Nshomile linapotudanganya. Jembe lililonunuliwa mwaka jana bado ni jembe mwaka huu hata kama halikulima. Elimu sivyo ilivyo. Ukisema imekwisha kuingia, imeanza kutoka.

Mfano wa mgomba unaendelea. Mwaka 2006 uliingia Muleba ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpango, na ukikata shina hutoka utomvu wa manjano. Dawa ya kuuponya mgomba hakuna. Kibanja ambacho babu alikirithi kwa babu yake, na pengine amezikwa humo, kilianza kufa mbele ya macho ya mwenyewe. Wataalamu walieleza kwamba wadudu huchukua bakteria kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, na kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima. Hivyo ilipasa kuvunja ua dume kwa mti wenye panda bila kutumia kisu, kuchoma panga katika moto kabla ya kulitumia tena, na kung'oa migomba yenye ugonjwa. Hili la kung'oa lilikuwa gumu; kumwambia Mhaya ang'oe migomba ni kama kumwambia abomoe nyumba. Lakini akina mama na wazee ambao hawakuwahi kupenda darasa walijifunza jambo la bakteria, kiumbe wasichokiona, kuliko mwanafunzi wa sekondari aliyelikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakawafundisha majirani. Hakuna aliyewaahidi cheti. Walikuwa na kitu ambacho hawakukubali kukipoteza.

Mtu ataniambia: basi elimu ni ya manufaa tu, na kila mtu asome lile limfaalo shambani. Sikusema hivyo. Nimesema hamu huanzia katika kile tunachokipenda, haikomei hapo. Aliyejua kwa nini panga huchomwa moto, kesho atauliza kwa nini daktari huchemsha vyombo, na keshokutwa atauliza nani aliyemwona kwanza mdudu huyu, na kwa chombo gani. Ukimwachia mtu uzi mmoja aliouvuta kwa mkono wake mwenyewe, atakwenda mbali kuliko ulivyopanga.

Tena mapenzi ya mtu si ya shamba tu. Jirani yetu wa Kenya, Mzee Kimani Maruge, aliingia darasa la kwanza mwezi wa Januari 2004 katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri uliosemekana kuwa miaka 84. Serikali ya Kenya ilikuwa imeondoa ada mwaka uliotangulia, naye akasema kama ni bure kwa wote, basi yeye naye yumo. Sababu alizotoa zinanifurahisha kila ninapozikumbuka. Alitaka kujua hesabu ili, kama angelipwa fidia kwa kupigania uhuru katika Mau Mau, mtu asimpunje. Na alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa alishuku kwamba mhubiri hakuwa akiisoma ilivyo! Mzee alivaa sare, kaptura na soksi ndefu, akakaa na vitukuu. Mwaka 2005 alihutubia huko New York, katika Umoja wa Mataifa, juu ya elimu ya msingi, na alipofariki mwezi wa Agosti 2009 alikuwa angali mwanafunzi. Hakuna aliyemwona Mzee Maruge akitafuta hamu. Alikuwa na shaka mbili za haki, na shaka hizo zikampeleka darasani.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nafikiri nimegusa kizuizi ambacho wenye kuniuliza habari za hamu hawakitaji. Kizuizi hicho ni haya; nasema aibu, si kabila. Watu wazima wengi wanaoniambia "hamu sina" wanayo hamu tele. Wanachokosa ni uso wa kuketi mbele ya mwalimu aliye mdogo kuliko mtoto wao wa mwisho. Nimewaona wale wanaoingia katika dini wakiwa na mvi: mtu aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, anayesikilizwa akikohoa, sasa inampasa aanze na alifu, na mtoto wa miaka saba pembeni yake amekwisha kumaliza juzuu. Wengine huja mara mbili, kisha husema macho yananisumbua. Macho hayana kosa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na methali hii kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni habari ya jasho. Mimi naiona kuwa ni habari ya heshima. Kuinama hakuchoshi sana. Shida ni kwamba ukiinama watu huona mgongo wako.

Yule aliyeteuliwa kuwa mwalimu wa walimwengu alikuwa hajui kusoma wala kuandika, na neno la kwanza lililomfikia katika pango la Hira lilikuwa amri ya kusoma. Mtume s.a.w. hakuona aibu kujibu kwamba yeye si msomaji. Alikuwa na miaka arobaini. Baadaye, baada ya vita vya Badr, imepokewa katika historia kwamba mateka wa Makka wasio na mali ya kujikomboa, lakini wajuao kuandika, waliambiwa wawafundishe watoto wa Madina, watoto kumi kwa kila mateka, na hiyo ikawa fidia yao. Tafakari: Waislamu wa kwanza walikubali kujifunza kwa adui aliyefungwa, mwabudu masanamu, aliyekuja kuwaua jana. Kama kulikuwa na mahali pa kusema "afadhali nibaki bila kujua", palikuwa pale.

Wapo katika Bukoba na Muleba wanaokabiliana na aibu hiyo leo, nao si wazee. Ni wasichana. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ada nayo imekwisha kuondolewa: kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Basi sheria imemwachia njia, na mfuko umemwachia njia. Limebaki lile lango la tatu ambalo waziri hawezi kulifungua kwa waraka: wenzake kunong'ona, mwalimu kumtolea mfano darasani, shangazi kusema "umekwisha kuzaa, unatafuta nini tena huko?" Shangazi huyo amelisema neno Nshomile kwa namna nyingine. Kwake yeye kusoma ni jambo lenye wakati wake, na wakati ukipita limekwisha, kama kubalehe. Kila nyumba yenye msichana wa namna hii ina jukumu ambalo halihitaji fedha: kumshika mtoto wake saa mbili za jioni ili asome, na kunyamaza.

Nilisema maneno ya wale wasemao "ukitaka utaweza" yana kweli ndani yake, nami nilipe deni hilo. Kweli yenyewe ni kwamba hamu haingojwi. Aliyekaa akingoja moyo uwake ndipo afungue kitabu ni kama aliyekaa mbele ya jiko la kuni akingoja moto uje wenyewe ndipo apulize. Huku kwetu mama hupuliza kwanza, akalia machozi kwa moshi, ndipo moto huja. Nilipokuwa katika chuo cha dini ng'ambo tulikuwa na wenzetu wenye akili nyepesi kuliko sisi, wakakata tamaa mwaka wa pili. Na alikuwako mmoja mzito, atokaye kijijini, ambaye kila usiku aliandika maneno matano ya Kiarabu nyuma ya karatasi za majani ya chai, asipungue wala asizidi. Tulimcheka. Alipofika mwaka wa nne sisi ndio tuliokuwa tukimwamsha usiku atufafanulie. Nilimwuliza siku moja alipata wapi moyo ule. Akasema hakuwa na moyo wowote. Alikuwa na mama asiyejua kusoma, aliyekuwa akiomba asomewe barua zake na jirani, na jirani yule alikuwa akizisoma kwa sauti kubwa ili mtaa mzima usikie. Aliapa kwamba atarudi amfundishe mama yake.

Sasa yule kijana wa bodaboda pale stendi, mwenye shahada. Mdogo wake ameuliza kaka amepata nini, nasi bado hatujamjibu. Siwezi kumpa kaka kazi kwa kalamu yangu, wala sitamwambia kwamba umaskini wake ni baraka. Lakini huko Muleba msimu wa kahawa ukifika, mkulima hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi. Mizani hupimwa, karatasi huandikwa, makato hutolewa, na wazee wengi huweka dole gumba mahali wanapoonyeshwa. Kijana huyo anajua kusoma karatasi ile. Anajua asilimia. Kama siku moja ataegesha pikipiki yake, akakaa na mzee mmoja juu ya gunia, akamfuatishia kidole mstari baada ya mstari hadi mzee aseme, "Kumbe hapa wamenikata mara mbili," na mdogo wake yuko karibu akisikiliza, basi swali lake litakuwa limejibiwa pale pale, na mzee, nadhani, atarudi kesho yake kuuliza namba zile huandikwaje.